Msumari wa Ishirini na Nne

Nyumbani kwetu chakula cha jioni hakipakuliwi mpaka kengele ya gatini ilie mara moja. Mama anaweza kuwa ameivisha tangu saa kumi, sufuria imefunikwa, mikono tumenawa na matumbo yanalalamika, lakini atakaa kwenye kigoda chake akitega sikio. Kengele ikilia, mara moja tu, ndipo anasema, "Haya, wote wamerudi. Tule." Kulia mara moja maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyebaki ziwani. Nilizaliwa nikaikuta desturi hiyo, kwa hiyo sikuwahi kuiwazia.

Baba ni fundi wa injini za boti. Ananiita Chiriku, kwa sababu anadai nilianza kusema kabla sijaota meno na tangu siku hiyo sijapumzika. Karakana yake iko hatua chache kutoka gatini, nami nimekulia hapo, nikichezea spana na kujua kila boti kwa sauti yake. Injini anazotengeneza za watu huimba. Ya boti yake mwenyewe hukohoa, na kila mwezi anasema ataitazama Jumapili. Ndiyo hayo, mganga hajigangi.

Gati lenyewe lilikuwa chini ya Mama Misumari. Watoto wote tulimwita hivyo, na yeye alijua. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni, na ukutani mwa ofisi yake, upande wa nje, alikuwa na ubao mkubwa uliopigiliwa misumari arobaini. Kila msumari ulibeba kipande kidogo cha mbao, kimeandikwa namba na kutiwa kamba ya kuvaa shingoni. Anayepanda boti anachukua kipande chake. Anayerudi anakitundika palepale alipokitoa. Wageni walizoea kwenda na boti moja na kurudi na nyingine, wengine wakishuka kisiwa hiki na wengine kile, hivyo kuhesabu vichwa ndani ya boti hakukusaidia kitu. Jioni Mama Misumari aliusoma ubao kama mwalimu anavyosoma orodha ya wanafunzi.

"Majina watu huyasahau, na vichwa huhesabiwa mara mbili," alipenda kusema. "Lakini msumari mtupu ni mtu majini. Basi."

Ubao ukijaa, aligonga kengele mara moja. Msumari ukibaki mtupu, aligonga mara tatu, akanyamaza, akagonga tena mara tatu. Hapo wenye boti waliacha walichokuwa wakifanya, wakachukua vipande vyekundu vya watafutaji, vyenye misumari yao pembeni mwa ubao, na kuingia ziwani. Baba alikuwa mmoja wao.

Yote hayo niliyajua kuliko mtoto yeyote mjini. Ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Rafiki yangu Kidoti, tuliyempa jina hilo kwa ajili ya alama nyeusi kando ya pua yake, nilikuwa nimekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Mwaka wa kosa hilo wazazi wake walipata kazi mji mwingine, wakaamua kuhama Jumatatu ya mwisho wa likizo. Shangazi yake, ambaye ni nesi, akatuonea huruma. Alisema Jumamosi atatupeleka kutembea visiwani kutwa nzima, sisi wawili tu, tuagane vizuri.

Baba aliniruhusu kwa sharti moja. "Nenda, Chiriku. Ila pale gatini ndipo penye riziki yangu na jina langu. Usije ukaniaibisha mbele ya yule mama."

"Siwezi, baba," nikamwambia, na wakati ule ilikuwa kweli.

Asubuhi Mama Misumari alimvisha Kidoti kipande cha ishirini na tatu, mimi ishirini na nne, na shangazi ishirini na tano. Alitukaza majaketi ya kuokolea mpaka Kidoti akasema hawezi kupumua. "Ukiweza kulalamika unaweza kupumua," akajibiwa.

Sijui niwaeleze vipi uzuri wa siku ile. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na boti ilipokata maji Kidoti alipiga kelele ya furaha, kisha akakumbuka nywele zake zilisukwa jana, akajifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki. Nahodha akamwuliza kama hicho kichwa ni mzigo wa kupeleka sokoni. Kisiwa cha kwanza kilikuwa mawe matupu, makubwa kama nyumba, yamepandana mpaka unajiuliza nani aliyapanga. Tulipanda mpaka juu kwa kutambaa. Kisiwa cha pili kilikuwa cha ndege. Miti yake ilikuwa myeupe kwa kinyesi chao, na kelele zao zilinishinda hata mimi, jambo ambalo shangazi alisema hakutegemea kuliona maishani.

Lakini kisiwa cha tatu ndicho kilichotuvuta moyo. Nyuma yake kuna mkondo mwembamba kati ya kuta mbili za mwamba, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba vivuli vya samaki vilipita juu ya mchanga wa chini tukiviona. Tulikaa hapo miguu majini, tukala mkate na mayai ya kuchemsha. Shangazi alituhesabu kila dakika kumi ingawa tulikuwa wawili tu. Kidoti akasema ghafla, "Huko niendako sitakuwa na mtu wa kumnong'oneza darasani."

"Utampata."

"Hatakuwa na kelele kama zako."

Tulicheka. Nilishika kile kipande shingoni, ishirini na nne, na cha kwake ishirini na tatu, vikigongana tulipoegemeana. Hapo ndipo wazo likanijia kwamba nisikirudishe. Ningebaki nacho, niwe na kitu cha siku ile.

Tuliporudi, saa tisa na nusu, gatini palikuwa pamejaa watu. Boti tatu zilikuwa zimefika pamoja, na kila mtu alijipenyeza kwenye ubao. Kidoti na shangazi wakatundika vya kwao. Mimi nikakichomeka cha kwangu ndani ya soksi, nikasogea pembeni kama aliyekwisha maliza.

"Umetundika?" shangazi akaniuliza.

"Nimetundika, shangazi."

Uongo ule ulinitoka kirahisi mno. Nilijiambia kwamba mimi nimesharudi, nimesimama kwenye nchi kavu kwa miguu yangu, kwa hiyo msumari wangu hauna maana yoyote. Vipande arobaini, kimoja kina nini? Kumbe nilikuwa najifunika uso kwa kiganja nikidhani nimejificha.

Nyumbani nilikiweka ndani ya atlasi yangu, juu ya kabati. Mama akaivisha chakula. Baba akarudi, akaoga, akakaa. Nje upepo ulianza kuvuma, na wingu zito likapanda upande wa visiwa. Ilipofika saa kumi na moja na nusu kengele ikalia.

Ikalia mara tatu. Ikanyamaza. Ikalia tena mara tatu.

Baba alisimama kabla haijamaliza. Simu yake ikaita, akasikiliza huku anavaa viatu vya mpira. "Ishirini na nne haijarudi," alimwambia mama. "Mama Misumari anasema leo kulikuwa na watoto wengi, hakumbuki ni yupi aliyemvisha." Kisha akanigeukia. "Chiriku, ninyi mlikuwa huko. Hamkumwona mtoto amebaki peke yake?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Lakini nilikumbuka lile sharti lake, nikakumbuka nilivyomjibu shangazi, nikaona aibu yote inanisubiri kama deni. "Sikuona mtu, baba," nikasema.

Akachukua koti la mvua akatoka. Mama akaifunika sufuria upya. "Mtoto wa watu, masikini," akasema, akaenda kusimama dirishani. Mvua ikaanza kupiga bati. Nilimtazama mama mgongoni, jinsi alivyoshika pazia bila kulivuta, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anamwogopea yule mtoto wa watu peke yake. Baba yangu alikuwa anaingia kwenye mawimbi kunitafuta, nami nilikuwa nimekaa mkekani, mkavu, nikisubiri kula.

Nilichukua atlasi, nikakitoa kipande. "Mama, naenda gatini kumsubiri baba," nikasema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Nilikimbia mteremko wa kwenda gatini mpaka mbavu zikaniuma. Njiani nilikuwa nimeshapanga. Ningekitundika kimyakimya, Mama Misumari angeuona ubao umejaa, angewaita watu warudi, na hakuna ambaye angejua. Nilimkuta ndani ya ofisi, amenipa mgongo, anazungumza kwenye redio ya upepo na wenye boti. Boti tatu zilikwisha ondoka. Nikanyata mpaka ubaoni, nikakitundika kipande kwenye msumari wake, nikarudi nyuma hatua tano. Nikashusha pumzi.

Shangazi yake Kidoti ndiye aliyefika kwanza, mkoba wake wa dawa begani, maana kengele ile ikilia naye huja, ikiwa atahitajika. Kidoti alikuwa nyuma yake na mwavuli uliogeuzwa na upepo. Shangazi akautazama ubao.

"Mbona umejaa?" akaita. "Mama, njoo utazame."

Mama Misumari akatoka. Nilisubiri atabasamu. Badala yake alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na uso wake ukabadilika vibaya.

"Nani amekitundika?" akauliza.

 Upepo ukakipiga kile kipande ubaoni, kikawa kinagonga.

"Mbao huelea," akasema taratibu, kama anayejisemea. "Kuna mtu amekiokota majini, akaja kukitundika, akaenda zake bila kujua alichokiokota. Kipande bila shingo ni habari mbaya kuliko msumari mtupu." Akaingia ndani, akaishika redio. Sauti yake, ambayo siku zote ni kavu, ilitetemeka. "Boti zote. Kipande kimerudi bila mtu. Nasema kimerudi bila mtu. Msitafute visiwani tu. Tazameni majini."

Kidoti akaanza kulia. Shangazi akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Na mimi nikaona nilichokifanya. Uongo wangu wa kwanza uliwapeleka watu kumtafuta mtoto aliyepotea. Ule ujanja wangu wa kunyata ulikuwa umeshamuua huyo mtoto.

"Ni changu," nikasema.

Hawakunisikia, kwa ajili ya mvua. Ilibidi niingie ofisini, nikasimama mbele ya meza. "Ishirini na nne ni mimi. Mimi ndiye niliyekitundika sasa hivi. Kilikuwa nyumbani. Hakuna aliyepotea."

"Uliniambia umetundika," shangazi akasema kutoka mlangoni.

"Nilikudanganya, shangazi. Na baba nimemdanganya. Naombeni mnisamehe, lakini mwiteni baba kwanza."

Mama Misumari alinitazama kwa muda ambao ulinitosha kabisa. Hakunikaripia. Akainua redio. "Boti zote. Ishirini na nne yuko hapa gatini, mzima, nimemwona kwa macho yangu. Rudini. Nijibuni mmoja mmoja."

Boti ya kwanza ikajibu. Ya pili ikajibu. Ya tatu ilikuwa ya baba.

Akaita tena. Redio ikakwaruza, ikanyamaza.

"Atakuwa nyuma ya kisiwa cha tatu," akasema Mama Misumari. "Kwenye mkondo ule redio haipiti. Kuta za mwamba zinazuia."

Zile boti mbili zikafika, watu wake wameloa chapachapa. Mmoja wao, mwenye boti ya samaki, akasema alimwona baba akiingia mkondoni. "Nilimwambia angoje upepo upungue. Akaniambia angekuwa yeye ni mtoto, mvua ikamkuta, angejificha humo."

Nilikuwa nimekaa humo mchana huohuo nikila yai. Nilikaa chini sakafuni. Kidoti akaja akakaa kando yangu, bega lake likigusa langu. Najua alikuwa na haki ya kunikasirikia, na alikuwa amekasirika, lakini hakuondoka. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba nilitaka kitu cha kumkumbukia. "Ungeniomba ribani," akasema. "Ninazo nne."

Tulisubiri. Saa ya ukutani ilisogea dakika ishirini, ambazo mpaka leo naona zilikuwa nyingi zaidi. Mvua ikapungua.  Halafu, mbali, nikasikia kitu ambacho wengine hawakukisikia kwa sababu hawakukulia kwenye ile karakana. Nilisikia injini inayokohoa.

"Baba huyo," nikasema. Nikainuka. "Baba huyo, anakuja."

Ikakohoa tena, karibu zaidi, na sasa kila mtu akaisikia. Mama Misumari akakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza jioni ile. Sijawahi kupenda sauti ya kitu kibovu kama nilivyoipenda ile. Machozi yakaja yenyewe, na shangazi akanishika mkono, ingawa nilikuwa nimemdanganya.

Baba alifunga kamba, akapanda gatini maji yakimchuruzika, kofia yake haipo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amepatikana?" Sauti ilikuwa imemkauka.

"Amepatikana," Mama Misumari akajibu.

"Mzima?"

"Mzima. Ndiye huyo mbele yako."

Baba akanitazama. Akatazama nyuma yangu, kutafuta mtoto mwingine. Nikamweleza yote, tangu kwenye soksi mpaka kwenye atlasi mpaka lile jibu nililompa nyumbani, na sikuruka kitu. Nilitegemea kofi. Badala yake akakaa juu ya rundo la kamba, akajifuta uso kwa viganja viwili.

"Nimemwita mtoto huyo mpaka sauti imekwisha," akasema. "Jina lake sikulijua. Basi nikawa naita tu, mwanangu, mwanangu, itika." Akaninyooshea mkono. "Kumbe sikukosea."

Akanivuta akanikumbatia na koti lake la maji. Nikalia, na nadhani hata yeye, ila alikuwa ameloa tayari kwa hiyo hakuna ushahidi.

Kisha aliniachia. Akanisimamisha mbele ya watu wote wa zile boti, nikawaomba radhi mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Mwenye boti ya samaki akasema nimemkosesha mpira kwenye redio, lakini timu yake hufungwa hata akisikiliza, kwa hiyo hana kinyongo. Mama Misumari yeye hakucheka. "Jumamosi nne," akasema. "Utakuja na brashi. Namba zote arobaini zimefifia, utazipaka rangi upya."

"Nitakuja."

"Najua utakuja."

Wenye boti wakatundika vipande vyao vyekundu wakaenda. Shangazi na Kidoti wakaaga. Baba akanishika mkono tuondoke, maana mama alikuwa bado dirishani. Tulikuwa tumepiga hatua chache nilipogeuka kutazama ubao, sijui kwa nini, labda kwa sababu jioni ile nilikuwa nimeanza kuusoma. Misumari arobaini ilikuwa imejaa. Upande wa vipande vyekundu, mmoja ulikuwa mtupu.

"Baba," nikasema. "Shingoni kwako."

Akapapasa kifuani chini ya koti. Akakitoa kipande chekundu, akakitazama, akamtazama Mama Misumari ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, akingoja. Baba akaanza kucheka, kicheko chake kikavu kisicho na sauti, na Mama Misumari naye akashindwa kujizuia.

"Miaka kumi na nne ya kazi," akasema. "Na leo ndiyo siku uliyoichagua."

Baba akakitundika. Kisha akachutama tukawa macho kwa macho.

"Umeona, Chiriku? Kusahau kunampata kila mtu, hata baba yako. Aliyesahau anakumbushwa, anacheka, mambo yanaisha. Lakini wewe hukusahau. Ulificha, na nilipokuuliza ukaficha tena. Mtu akificha ukweli, kuna mwenzake mahali fulani anahangaika kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Kumbuka tu hilo. Kosa likikutoka, liseme lingali dogo, kabla halijatuingiza majini."

"Nitakumbuka, baba."

Mama Misumari akautazama ubao, upande wa abiria, upande wa vipande vyekundu, msumari kwa msumari. Kisha akanipa kamba ya kengele.

"Gonga wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa hujarudi."

Nikavuta mara moja. Sauti ikaenda juu ya ziwa, ikapanda mteremko mpaka nyumbani, ambako mama, kama alivyotueleza baadaye, aliliachia pazia, akaifunua sufuria, na kuirudisha motoni.